Sura ya Nne: Hodi Tatu

Miaka kumi na tano hivi iliyopita, ukikaa nusu saa kwenye benchi la kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo kila mtu huiita CTC, ungesikia neno moja likizunguka kuliko hata jina la ugonjwa wenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Majibu yametoka?"

"Yametoka. CD4 zangu zimefika mia mbili na kumi. Nilianza na themanini."

"Hongera. Zangu sasa mia nne na kitu. Zitapanda tu, wewe usiruke dozi."

CD4 zilikuwa kama alama za mtihani. Ziliandikwa kwenye kadi, zililinganishwa, zilifichwa zikiwa chache na kutangazwa zikipanda. Zenyewe ndizo zilizoamua nani aanze dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulianzia kwenye 200 kwa kila maikrolita ya damu, ukapanda hadi 350, mwaka 2013 ukafika 500, na mwaka 2015 sharti lenyewe likafutwa: kila anayekutwa na VVU aanze dawa. Kabla ya hapo wapo waliorudishwa nyumbani wakiambiwa CD4 zao bado ni nyingi.

Lakini uliza kwenye benchi lile CD4 ni kitu gani hasa. Utajibiwa kwamba ni askari wa mwili. Jibu si baya, ila limeishia njiani. Askari ni seli nyeupe ya damu, ile inayoitwa seli T saidizi. CD4 ni protini iliyochomoza juu ya ngozi ya seli hiyo. Kumwita askari huyo CD4 ni sawa na kuziita nyumba "vitasa" kwa kuwa milango yake ina vitasa. Maabara huhesabu vitasa ili kujua nyumba ngapi bado zimesimama.

Na kitasa hichohicho ndicho kirusi kinachokishika kwanza.

Katika sura iliyopita tulikiacha kirusi kikielea ndani ya damu, hakina miguu, hakina injini, hakina hata uwezo wa kujizalisha. Nje ya seli ni kifurushi tu. Ili kiwe hatari lazima kiingie ndani, na mlango wa seli si wa kuusukuma. Mstaarabu wa pwani hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa hugeuza akarudi alikotoka. Kirusi cha UKIMWI nacho kina hodi tatu. Ikikosa jibu hata moja kati ya hizo, safari imeishia barazani. Sura hii inahusu hodi hizo, na kifaa kimoja kidogo kinachozipiga zote.

Embe lililochomekwa karafuu

Tuanze na vipimo. Kirusi cha UKIMWI kina upana wa nanomita 100 hadi 120. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni, kipimo ambacho akili haikamati. Basi tukuze. Chukua seli T uifanye chumba cha mita saba kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa kipimo hicho kirusi kitakuwa na ukubwa wa embe dodo.

Sasa chukua karafuu kavu, ile ya kutia kwenye pilau, uichomeke kwenye embe: kikonyo ndani ya ganda, kichwa nje. Chomeka nyingine upande wa pili, na nyingine tena, mpaka zifike kumi au kumi na mbili. Acha hapo. Hiyo ndiyo sura ya kirusi, na hata urefu wa karafuu unakaribia kipimo chenyewe. Kirusi cha mafua hujaa miiba mamia kwa mamia; hiki kina kama 7 hadi 14 tu. Silaha chache kiasi hicho zimetosha kukipeleka kila bara.

Kila karafuu imeundwa na vipande sita. Kichwani mna vipande vitatu vya protini iitwayo gp120, na kwenye kikonyo vitatu vya gp41. Herufi gp ni kifupi cha glaikoprotini, yaani protini iliyopakwa sukari, na namba ni uzito wake kwa maelfu ya daltoni. Vipande hivyo havikuzaliwa viwili. Huzaliwa kama mnyororo mmoja, gp160, kisha mnyororo hukatwa. Usipokatwa, karafuu inaweza kushika kitasa lakini haiwezi kufungua mlango.

Nani anaukata? Sisi. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huitwa furini, na ni mali ya seli ya binadamu, ambayo hukitumia kila siku kukata protini zake yenyewe. Mnyororo wa gp160 nao hutengenezwa na ribosomu zetu. Sukari hupakwa na mitambo yetu. Hata ganda la embe ni utando wa seli yetu, uliomegwa wakati kirusi kikichipuka kutoka kwenye seli kilimozaliwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kikulacho kimezivaa nguo zenyewe.

Vazi hilo si pambo. Karibu nusu ya uzito wa gp120 ni sukari, minyororo zaidi ya ishirini kwa kila kipande, imeifunika protini kama manyoya yanavyomfunika kuku. Kingamwili, zile protini ambazo mwili huzituma kukamata wavamizi, zimefundwa tangu utotoni zisiushambulie mwili wenyewe. Zikiigusa gp120 zinakutana na sukari ya nyumbani, na nyingi hupita.

Hodi ya kwanza: kitasa

Kwamba kirusi hushika CD4 tulijua mapema. Mwaka 1983 kundi la Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier kwenye Taasisi ya Pasteur, Paris, lilikitenga kirusi kwa mara ya kwanza. Madaktari walikuwa wameshaona kwamba seli zinazoteketea kwa wagonjwa ni aina moja tu, seli T saidizi. Kwa nini hizo na si jirani zake? Mwishoni mwa mwaka 1984 makundi mawili, moja la Paris na jingine la London, yalileta jibu kwa njia inayofanana. Wa London, Angus Dalgleish na Robin Weiss wakiwa miongoni mwao, walichukua kingamwili zaidi ya mia moja, kila moja ikiwa ya kufunika protini yake juu ya seli, wakazijaribu moja baada ya nyingine. Ni zile tu zilizofunika CD4 zilizozuia maambukizi. Ukifunika kitasa, mgeni hana pa kushika.

CD4 haikuumbwa kwa ajili ya kirusi. Kazi yake halali ni kuisaidia seli T kusoma taarifa. Seli nyingine za kinga zikikamata kijidudu huvunja vipande vyake na kuvionyesha nje, na seli T huvikagua huku CD4 ikishikilia mkono wa anayeonyesha. Bila mshiko huo kinga haipati amri ya kuamka. Ndiyo maana mwili hauwezi tu kuiondoa CD4 ili kirusi kikose pa kushika. Mwenye nyumba atapitia wapi?

Mshiko wenyewe tuliuona kwa karibu mwaka 1998. Peter Kwong na Wayne Hendrickson wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, pamoja na Joseph Sodroski wa Boston, walifanikiwa kuigandisha gp120 iwe fuwele ikiwa imeshikana na CD4, kisha wakaipiga miale ya eksirei ili kujua kila atomu imekaa wapi. Haikuwa kazi nyepesi. Walilazimika kuinyoa sukari nyingi na kuipunguza mikia inayochezacheza, kwa sababu gp120 kamili haitulii. Inapinda, inayumba, inabadili sura.

Walichokiona ni hiki. Kwenye ncha ya CD4 kuna asidi amino moja iliyochomoza, ya 43 kwenye mnyororo wake, iitwayo fenilalanini. Kwenye gp120 kuna shimo. Fenilalanini inaziba mdomo wa shimo hilo kama kidole kilichowekwa kwenye tundu la filimbi. Tumezoea kusema kirusi kina ufunguo na seli ina kufuli. Picha ile ilionyesha kinyume: kinachochomoza ni chetu, na tundu ni la kirusi.

Tundu hilo halikuachwa wazi. Lipo bondeni, limezungukwa na sukari, na kingamwili iliyo nene hupata shida kufika kwa pembe inayofaa. CD4 ni nyembamba, inapenya. Kirusi kimeliweka jambo lake la lazima mahali ambapo mwenyeji anafika na mlinzi hafiki.

Hodi ya pili: mlango wa ndani

Kushikwa kwa kitasa si kufunguliwa kwa mlango. Wanasayansi waligundua hivyo kwa kutumia panya. Panya hapati VVU, na mwaka 1986 watafiti walizipa seli za panya CD4 ya binadamu wakitarajia kwamba sasa zitaambukizwa. Kirusi kilishika. Kikaning'inia hapohapo nje. Seli za binadamu zisizo za damu zilipopewa CD4 hiyohiyo ziliambukizwa. Basi binadamu alikuwa na kitu cha ziada ambacho panya hana, na kwa miaka kumi hakuna aliyejua ni nini.

Aliyekipata kwanza ni Edward Berger na wenzake kwenye Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, mwaka 1996. Mbinu yao ilikuwa ya uvumilivu. Walichukua seli za panya zenye CD4, wakazigawia jeni za binadamu kwa mafungu, kisha wakazikutanisha na seli zilizovaa karafuu za kirusi. Fungu ambalo seli zake zingeungana lingegeuka rangi ya bluu. Bluu ilipotokea waligawa fungu hilo tena, na tena, mpaka ikabaki jeni moja. Protini yake leo huitwa CXCR4. Ndani ya majuma machache makundi matano yalitangaza ndugu yake, CCR5, na huyu ndiye aliyekuwa mzito zaidi: virusi vinavyopita kutoka mtu hadi mtu karibu vyote huanza kwa kutumia CCR5. Vile vya CXCR4 hujitokeza baadaye kwa baadhi ya wagonjwa.

Kazi halali ya CCR5 ni kunusa. Mahali palipoumia mwilini hutoa kemikali, na seli nyeupe huzifuata kwa kutumia vipokezi kama hiki. Kirusi kimeigeuza pua kuwa mlango.

Hapa ndipo ujanja wa karafuu unapoonekana. Sehemu ya gp120 inayoshika CCR5 haipo tayari mwanzoni, imekunjwa ndani. Ni baada ya CD4 kuingia kwenye tundu lake ndipo gp120 inapojikunjua na kuianika. Hodi ya pili haipigwi kabla ya ya kwanza kuitikiwa, na sehemu nyeti inaanikwa kirusi kikiwa kimeshabana na ngozi ya seli, ambako kingamwili hazina nafasi ya kujipenyeza.

Ushahidi kwamba mlango huu ni wa lazima ulitoka kwa watu. Steve Crohn wa New York aliona mwenzi wake akifariki mwaka 1982, kisha marafiki wengi mmoja baada ya mwingine, naye hakuugua. Maabara ilipojaribu kuziambukiza seli zake, zilikataa. Mwaka 1996 sababu ikajulikana: jeni yake ya CCR5 ilikuwa na pengo la herufi 32, kwa baba na kwa mama. Protini iliyotoka haikufika juu ya seli. Kirusi kilishika kitasa kikakuta mlango umejengwa kwa tofali. Takriban mtu 1 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya, hasa kaskazini, ana pengo hilo pande zote mbili.

Kwa Waafrika pengo hilo ni adimu sana, na kosa lililofanywa mara nyingi ni kudhani kila anayenusurika amenusurika kwa njia hiyo. Tangu katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa Nairobi na Kanada wamewafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono Majengo, jijini Nairobi. Baadhi yao walikaa miaka mingi katika hatari kubwa bila kuambukizwa. Seli zao zilipopelekwa maabara ziliambukizwa kama za mtu mwingine yeyote. Milango yao ilikuwa mizima. Ulinzi wao ulitoka kwingine, kwenye namna kinga yao ilivyojipanga.

Kisa kilichoufunga mjadala kilitokea Berlin. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi huko na VVU, alipata saratani ya damu mwaka 2006. Daktari wake, Gero Hütter, aliamua kutafuta mchangiaji wa uboho ambaye zaidi ya kufanana naye awe pia na lile pengo la herufi 32 pande zote mbili. Upandikizaji ulifanyika 2007, ukarudiwa 2008. Brown aliacha dawa za VVU, na kirusi hakikurudi. Alifariki mwaka 2020 kwa saratani, si kwa UKIMWI. Wengine wachache wamepona kwa njia hiyo baada yake. Tiba hii si ya kila mtu: kupandikiza uboho kunaweza kuua, na hufanywa tu pale saratani inapolazimisha.

Nayo CCR5 si kitu cha kung'oa ovyo. Wanaoikosa huathirika zaidi wakipata virusi vya West Nile. Mwaka 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alipotangaza kwamba amebadili jeni hiyo kwenye viinitete vilivyozaliwa kuwa watoto, wanasayansi wenzake walimlaani, na mahakama ya nchi yake ikamfunga.

Kabla hatujaendelea, tulijibu lile swali linaloulizwa kwenye kila semina ya kijijini: mbona mbu haambukizi? Anafyonza damu ya huyu, anakwenda kwa yule. Jibu ni hodi mbili hizi. Seli za mbu hazina CD4 wala CCR5 ya binadamu. Kirusi kikifika tumboni mwake hakina pa kushika, na huyeyushwa pamoja na damu iliyoliwa. Mbu wa malaria hutema vimelea kwa sababu vimelea vya malaria vimeumbwa kuishi ndani yake. VVU ndani ya mbu ni mgeni aliyepiga hodi kwenye jabali.

Hodi ya tatu: chusa

Kitasa kimeshikwa, mlango wa ndani umejibu. Bado kuna tatizo. Kirusi kina utando wa mafuta, seli ina utando wa mafuta, na utando mmoja hukataa kuungana na mwingine mpaka ulazimishwe. Kazi hiyo ni ya kikonyo cha karafuu, gp41.

Wavuvi wa zamani waliowinda nguva na kasa walitumia chusa, mkuki wenye kamba. Ukishachoma, kazi iliyobaki ni kuvuta. Ncha ya gp41 ni chusa ya namna hiyo: kipande kifupi cha asidi amino zinazochukia maji, kilichofichwa chini ya vichwa vya gp120. Vichwa vinapojikunjua baada ya hodi ya pili, chusa hufyatuka na kuzama kwenye utando wa seli. Kwa dakika chache gp41 inakuwa imenyooka, mguu mmoja kwenye kirusi, mwingine kwenye seli. Kisha hujikunja kama kisu cha mfukoni. Tando mbili huburutwa mpaka zinagusana, na kama matone mawili ya mafuta juu ya mchuzi, huwa tone moja. Mlango unafunguka na mzigo wa kirusi unaingia.

Mwaka 1997 picha za eksirei zilionyesha gp41 ikiwa imeshajikunja: minyororo sita iliyosokotana kuwa kifundo kimoja kigumu. Mkunjo huo haurudi nyuma. Kila karafuu ni ya risasi moja.

Hata kabla ya picha hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walikuwa wameona kwamba ukitengeneza nakala ya kipande cha gp41, asidi amino 36 tu, na kuiweka karibu na kirusi, maambukizi hukoma. Picha ikaeleza sababu: nakala huwahi kujisokota na gp41 ikiwa bado imenyooka, na kisu hakifungi tena. Dawa hiyo, enfuvirtaidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003. Ilihitaji sindano mbili kila siku na gharama yake ilikuwa kubwa, kwa hiyo haikuwa ya watu wengi. Mwaka 2007 ikafuata maraviroki, inayoziba CCR5. 2018 ibalizumabu, inayokaa juu ya CD4. Na 2020 fostemsaviri, inayoishika gp120 yenyewe. Kila hodi sasa ina dawa yake.

Kwa nini chanjo inachelewa

Mtu aliyefuata mpaka hapa atauliza: kama karafuu ndiyo kila kitu, si tuifundishe kinga iitambue karafuu, mambo yaishe? Ndivyo kila mtu alivyofikiri. Chanjo za kwanza zilikuwa gp120 tupu, iliyotengenezwa maabara na kudungwa mkononi. Mwili ulitoa kingamwili kwa wingi, na kufikia 2003 majaribio makubwa ya Marekani na Thailand yakaonyesha kwamba hazikumlinda mtu. Mwaka 2009 jaribio jingine la Thailand, lenye watu zaidi ya 16,000, lilipunguza maambukizi kwa asilimia 31. Matumaini yalipanda. Wazo hilohilo likaboreshwa na kupelekwa Afrika Kusini, na Februari 2020 likasimamishwa kwa kukosa matokeo. Kwetu Afrika Mashariki, jaribio la PrEPVacc lililowashirikisha watu wa Masaka, Mbeya na Dar es Salaam pamoja na wenzao wa kusini lilisimamisha chanjo zake Novemba 2023, kwa kuwa dalili za kufaulu hazikuwepo.

Sababu zimo kwenye yale tuliyokwisha kuyaona. Kichwa cha gp120 kilichong'olewa kwenye kikonyo si karafuu. Sehemu zilizo wazi kwake zimefichwa kwenye karafuu nzima, na mwili hufundishwa kumtambua asiyekuwepo. Kirusi chenyewe hutumia hila hiyo: gp120 hubanduka kirahisi, na karafuu zilizoharibika hubaki zikivuta kingamwili zisizo na faida. Kisha kuna mabadiliko. Kirusi hujinakili kwa makosa mengi, na karafuu ndiyo hubadilika zaidi. Kati ya aina kuu za VVU, kama A, C na D zinazozunguka kwetu, protini hii inaweza kutofautiana kwa hadi asilimia 35. Kingamwili iliyofundwa kwa kirusi cha jana, leo inakutana na sura ngeni.

Lakini kirusi hakiwezi kubadili kila kitu. Tundu la CD4 lazima libaki tundu la CD4. Kikilibadili sana kitakosa pa kushika, kife. Na kwa kweli baadhi ya watu wanaoishi na VVU, baada ya miaka kadhaa, hutengeneza kingamwili zinazofika hata bondeni na kuzuia aina nyingi za kirusi kwa pamoja. Mwaka 2009 mbili kati ya hizo, PG9 na PG16, zilipatikana kwenye damu ya mtu mmoja kutoka Afrika, baada ya kuchujwa sampuli zipatazo 1,800. Nyingine, VRC01, huliingia tundu la CD4 kwa kuiga mkao wa CD4 yenyewe.

VRC01 ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 4,600, wakiwemo wanawake wa Kenya na Tanzania, waliokubali kuwekewa dripu kila baada ya majuma manane. Matokeo ya mwaka 2021 yalikuwa na pande mbili. Kwa jumla haikupunguza maambukizi. Dhidi ya virusi vilivyokuwa dhaifu kwake, ilizuia kwa takriban asilimia 75. Kwa maneno mengine, kuziba tundu kunafanya kazi, ila kingamwili moja haitoshi kwa virusi vyote. Ndiyo maana sasa watafiti wanajaribu kuufundisha mwili hatua kwa hatua, chanjo ya kwanza ikiamsha seli chache zenye kipaji cha kutengeneza kingamwili za namna hiyo, zinazofuata zikizinoa. Hatua ya kwanza imejaribiwa kwa watu wachache Marekani, kisha Rwanda na Afrika Kusini, na seli zilizokusudiwa ziliamka. Ni darasa la kwanza tu.

Mlango usio na komeo

Turudi kwenye benchi. Siku hizi hesabu za CD4 zimepoa. Kinachoulizwa ni wingi wa virusi, na kidonge ni kimoja kwa siku, chenye tenofovia, lamivudini na dolutegravia ndani yake. Tazama dawa hizo zinavyofanya kazi. Mbili za kwanza huzuia kirusi kisinakili RNA yake kuwa DNA. Ya tatu huzuia DNA hiyo isipachikwe kwenye jeni zetu. Zote zinamkamata mgeni akiwa ameshavuka kizingiti. Hakuna hata moja inayokaa mlangoni.

Zinatosha, kwa sharti. Anayezimeza vizuri hadi kirusi kisionekane kwenye kipimo huishi kama wengine, na hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Ila ndani ya seli chache zilizolala, kirusi kimebaki kimejichimbia. Kila siku baadhi yake huamka na kutoa maembe mapya yenye karafuu kamili, na milango ya seli zote ni ileile kiliyoikuta kirusi cha kwanza: kitasa kipo, pua ipo, utando unayeyuka. Dawa ikikosekana damuni, hodi tatu huitikiwa kama siku ya kwanza.

Yule mama wa kwenye benchi hakuwahi kuiona gp120, na ushauri wake ulikuwa sahihi. Chanjo ya kuuwekea mlango komeo haijapatikana. Dozi ya leo imezwe leo.